Kufunga Spinaka ya Asimetriki Kwenye Mashua Ndogo: Anza na Kushusha

Mtu anayetoka Msasani, Dar es Salaam, kwenda kisiwa cha Mbudya wakati wa kusi (upepo wa kusini) huwa na upepo mgongoni karibu njia nzima, na yeyote aliyewahi kuifanya safari hiyo kwa mashua ndogo yenye tanga kubwa na tanga dogo la mbele anajua jinsi inavyochosha. Tanga kubwa hukinga upepo wote, tanga la mbele hulegea na kupigapiga bila kazi, na chombo huyumba huku na huku kikisukumwa na mawimbi kuliko kinavyovutwa na upepo. Mashua yangu ni ya aina ya Wayfarer, chombo cha mita 4.82 kilichobuniwa na Mwingereza Ian Proctor mwaka 1957, na hali hiyo niliivumilia kwa misimu kadhaa kabla sijaamua kuifungia spinaka ya asimetriki. Kazi ilikula muda na fedha kuliko nilivyopanga. Sehemu kubwa ya gharama hiyo ilitokana na kufungua na kufunga upya vitu vilivyokuwa vimefungwa kwa kufikiria jinsi tanga litakavyopanda, ilhali magumu yote ya tanga hili yako kwenye kulishusha.

Spinaka ni tanga jepesi la nailoni lenye tumbo kubwa, la kutumia upepo unapotoka ubavuni au tezi, yaani nyuma ya chombo. Ile ya zamani, ambayo pande zake mbili zinalingana, hushikiliwa na mti unaochomekwa mlingotini, na mti huo huhamishwa kila unapokisi tanga, yaani kulihamishia upande wa pili wa chombo. Una kamba ya kuuinua na kamba ya kuuvuta chini, na mtu wa mbele hulazimika kusimama karibu na mlingoti huku chombo kikiyumba. Asimetriki haina mti huo. Pembe yake ya mbele hufungwa kwenye ncha ya mlingoti wa maji unaochomoza mbele ya omo (sehemu ya mbele ya chombo), ukingo wake wa mbele ni mrefu kuliko wa nyuma, na unapokisi unalegeza demani (kamba ya kuongozea tanga) ya upande mmoja na kuvuta ya upande wa pili, basi. Mpangilio huu ulipata nguvu kwenye vyombo vya mbio vya futi 18 vya Sydney katika miaka ya 1980, ukaingia kwenye vyombo vizito zaidi kama J/105 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu Olimpiki ya mwaka 2000 umeonekana kwenye 49er, chombo kilichobuniwa na Julian Bethwaite. Kwa mashua ya watu wawili, ambao mmoja wao hawezi kuachia usukani, uchache huo wa kamba ndio uliokuwa hoja yangu kubwa.

Anayetaka kulifunga ajue kwanza kwamba tanga hili halipendi upepo wa tezi tupu. Ukienda sawasawa na upepo, asimetriki hujificha nyuma ya tanga kubwa kama tanga lingine lolote. Inakubidi uelekeze omo pembeni, tuseme nyuzi 35 kutoka kwenye mstari ulionyooka, uende kwa mwendo huo kitambo, kisha ukisi na kurudi upande wa pili. Njia inakuwa ndefu kwa asilimia 22, kwa hiyo chombo lazima kiongeze mwendo kwa zaidi ya kiasi hicho ndipo upate faida. Katika upepo mdogo faida ipo, kwa sababu chombo kinapoanza kwenda hujitengenezea upepo wake na tanga hujaa zaidi. Katika upepo wa wastani unaotosha kukifanya chombo kiteleze juu ya maji, faida ni kubwa na furaha ni kubwa zaidi. Katikati ya hapo, mashua yenye mwili wa kilo 169 bila kuhesabu watu, matanga na chakula cha mchana, wakati mwingine hufika pamoja na ile iliyokwenda moja kwa moja bila spinaka. Aliyeniambia kwamba nitaokoa nusu ya muda hakuwa mkweli.

Tanga lenyewe lilikuwa sehemu rahisi. Nilinunua lililotumika, kutoka Uingereza, lenye eneo la mita za mraba 12, kwa bei ambayo haikuzidi laki tano za Tanzania. Usafiri, ushuru na asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani vikaongeza karibu kiasi kama hicho. Kabla ya kulipa, pima. Funga futikamba kwenye henza (kamba ya kupandishia tanga), ipandishe hadi pale kapi ya spinaka itakapokaa, kisha ivute hadi pale ncha ya mlingoti wa maji itakapokuwa. Urefu huo ndio unaoulinganisha na ukingo wa mbele wa tanga. Ukingo ukiwa mrefu kidogo kuliko kipimo, tanga litapata tumbo la kwendea na upepo. Ukiwa mrefu sana, pembe ya mbele haitakaza kamwe na tanga litacheza ovyo. Ukiwa mfupi, tanga litakuwa bapa na utaona kapi na mlingoti wa maji vikivutana kupita kiasi. Mwombe muuzaji picha ya pembe tatu za tanga, kwa sababu mishono ya pembeni huchoka mapema kuliko kitambaa. Na kama unashiriki mashindano, soma kanuni za aina ya chombo chako kabla ya kutoboa chochote, kwa sababu kuongeza mlingoti wa maji kunaweza kukutoa kwenye kundi lako.

Mlingoti wa maji ndio ulionifundisha mengi. Nilipata bomba la alumini Gerezani, jepesi na la bei nafuu, la kipenyo cha milimita 38 na unene wa milimita 1.2, aina inayotumika kwa mapazia na vivuli vya madukani. Lilionekana imara mkononi. Mashua ilikuwa ufukweni juu ya toroli lake, bomba limekwisha kufungwa na kupigwa msasa, alipopita mzee mmoja ambaye ameunda mashua maisha yake yote. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akasimama kuitazama omo kwa muda. Kisha akaweka kiganja chini ya ncha ya bomba na kulisukuma juu taratibu, nami nikaona likipinda mbele ya macho yangu.

"Mwanangu," akasema, "tanga hili halitausukuma mti wako nyuma, litauvuta juu. Huku chini anaushika nani?"

Hakukuwa na aliyeushika. Hesabu yenyewe si ngumu. Katika upepo wa noti 12 (maili 12 za baharini kwa saa), tanga la mita za mraba 12 hubeba nguvu ya zaidi ya kilo 30. Upepo ukifika noti 24 nguvu hiyo huwa mara nne, kwa sababu hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Sehemu nzuri ya nguvu hiyo huishia kwenye ncha ya mlingoti wa maji, ikivuta juu na kuelekea upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea. Ukiwa na mlingoti wa maji wa mita 1.8, ambao sentimita 80 zimechomoza nje na mita moja imelala juu ya sitaha, basi ncha ikivutwa kwa kilo 40 pete inayoushika pale kwenye omo inabeba kilo 72, na kisigino chake kinaisukuma sitaha chini kwa kilo 32. Sitaha ya fibaglasi ya mashua ndogo haikuundwa kwa ajili hiyo.

Nilichofanya baadaye, na ambacho ningekifanya siku ya kwanza, ni mambo matatu. Kwanza, bomba likawa la milimita 50 lenye unene wa milimita 2, ambalo uwezo wake wa kuhimili kupindwa ni karibu mara tatu ya lile la kwanza. Pili, chini ya sitaha, pale pete na kisigino vilipofungwa, nilibandika vipande vya plaiwudi ya baharini kwa resini, na bolti zikapita hadi ndani na kukazwa kwa washa pana. Skurubu za kujichimbia zisitumike hapa hata kama fundi atakuapia. Tatu, na hili ndilo jibu la swali la mzee, kutoka ncha ya mlingoti wa maji nilishusha kamba nyembamba isiyonyumbuka, ya daineema (uzi wa plastiki imara sana) ya milimita 4, hadi kwenye pete ya chuma iliyo kwenye omo karibu na maji, ileile inayotumika kuvutia mashua kwenye toroli. Kamba hiyo inapokaza, mlingoti wa maji hauvutwi tena kama fimbo ya kuvulia. Mzigo mkubwa unateremka moja kwa moja hadi kwenye mwili wa chombo. Kabla ya kuiamini pete hiyo, ingiza mkono ndani ya omo uikague nati yake. Yangu ilikuwa imekaa miaka mingi bila kuguswa, na washa yake ilikuwa ndogo kuliko sarafu.

Alumini na chuma kisichoshika kutu havipatani ndani ya maji ya chumvi: mahali vinapogusana, alumini huliwa na kuwa unga mweupe. Mimi huweka kipande cha plastiki ngumu, au hata cha galoni ya mafuta ya kupikia iliyokatwa, kati ya pete na bomba, na mafuta ya grisi kwenye kila bolti.

Kuhusu mlingoti mkuu nitasema machache. Kapi ya henza ya spinaka hukaa juu kidogo ya mahali unapofungwa waya wa mbele unaoshikilia mlingoti, ili tanga liweze kuzunguka mbele ya waya huo bila kunasa, lakini isipande juu sana. Sehemu ya mlingoti iliyo juu ya waya haina kinachoishikilia kwa nyuma isipokuwa tanga kubwa, na watu wamevunja milingoti kwa tamaa ya sentimita chache za tanga. Wayfarer nyingi zina mahali pa henza hiyo tayari. Kama chombo chako hakina, muulize mtu mwenye chombo cha aina hiyohiyo badala ya kubahatisha.

Henza usiifanye ya nailoni. Kamba nyingi za madukani Kariakoo ni za nailoni au za plastiki nyepesi inayoelea. Nailoni hunyumbuka, na henza inayonyumbuka hulifanya tanga lishuke kila upepo unapoongezeka, yaani wakati uleule unaotaka litulie. Tumia poliesta iliyokwisha kuvutwa kiwandani, au daineema kama mfuko unaruhusu, ya milimita 5 au 6. Demani ni habari nyingine: hiyo unaishika mkononi muda wote, kwa hiyo iwe laini na nene, milimita 8, na ikiwa nyepesi ni bora zaidi, kwa sababu demani nzito huivuta pembe ya tanga chini upepo unapopungua. Kapi za demani ziwe karibu na tezi, kila ubavu moja, za aina yenye meno ndani inayozunguka upande mmoja tu na kulia tik-tik unapovuta. Bila meno hayo mikono itachoka kabla hujafika Bongoyo.

Njia ya demani ndiyo inayowapoteza wengi, hivyo nitaieleza polepole. Demani ni kamba moja ndefu, katikati yake imefungwa kwenye pembe ya nyuma ya tanga, na miisho yake miwili hupita kwenye kapi za kila ubavu na kuunganishwa pamoja ndani ya chombo, ili kusiwe na mwisho unaoweza kuchomoka. Kila upande wa demani lazima upite nje ya waya za mlingoti, nje ya kila kitu. Pale mbele, upande ule usiofanya kazi hupita mbele ya waya wa mbele lakini nyuma ya ukingo wa mbele wa spinaka, kwenye ule mlango ulio kati ya waya na tanga. Humo ndimo pembe ya nyuma itakamopita unapokisi. Ukiipitisha mbele ya tanga zima, inawezekana pia, lakini demani inahitaji kuwa ndefu zaidi na ni rahisi kwake kuanguka kwenye maji mbele ya omo na kuingia chini ya chombo. Hata kwa njia ya ndani hilo hutokea. Nimefunga kijiti cha plastiki kinachonyumbuka, cha urefu wa kiganja, kwenye ncha ya mlingoti wa maji ili kuidaka kamba isiteleze chini.

Haya yote yafanywe kwanza nchi kavu, asubuhi ambapo upepo ni mdogo, mashua ikiwa juu ya toroli na omo imeupa upepo mgongo. Pandisha, zungusha upande huu, zungusha upande ule, shusha. Tulipofanya hivyo mimi na mwenzangu, kijana aliyekulia kwenye ngalawa za Kunduchi, tuligundua kwamba henza ilikuwa upande usiofaa wa waya mmoja wa mlingoti na kwamba kamba ya pembe ya mbele ilikuwa fupi. Makosa kama hayo hugharimu dakika ufukweni.

Baharini yana bei nyingine. Tanga lilipanda vizuri, likajaa kwa kishindo, mashua ikaruka mbele, na kwa muda mfupi nilisahau fedha zote. Kisha ukafika wakati wa kushusha. Mwishoni mwa henza kulikuwa na fundo, lililowekwa ili kamba isichomoke, na kamba ilikuwa imerundikana miguuni. Henza ilipoachiwa ilikimbia, ikajiviringa, ikanasa kwenye kibano tanga likiwa nusu juu, nusu majini. Chombo kikalipanda tanga lililokuwa majini, likajaa maji na kuwa zito kama jarife lililonasa papa, na mashua ikalala ubavu. Hofu ilikuwepo, sitaificha, hasa pale tulipojaribu kuiinua mashua na ikakataa. Haiinuki. Spinaka iliyojaa maji huizuia, na ikiinuka tanga bado likiwa juu, itajaa upepo na kulala tena. Ni lazima kwanza kuogelea hadi kwenye henza, kuiachia yote, na kulikusanya tanga ndani ya chombo kipande kwa kipande. Ndipo mtu apande juu ya ubao wa katikati, ule unaochomoza chini ya mashua.

Kuanzia siku ile kila kamba ilipangwa upya kwa kuuliza itafanya nini tanga linaposhuka. Henza sasa ina mfuko wake mdogo wa nguo, inatumbukizwa humo urefu kwa urefu mara tu tanga linapofika juu, na mwisho wake umefungwa chini ya mlingoti badala ya kuwekewa fundo. Vibano vya henza na vya kamba ya pembe ya mbele viko sehemu moja, mahali mtu wa mbele anapovifikia akiwa amekaa ukingoni. Mifuko ya kuwekea tanga iko miwili, kila ubavu mmoja, mbele ya kiti. Na utaratibu wenyewe hatuubadilishi: msukani huelekeza chombo karibu sawasawa na upepo ili tanga kubwa likinge spinaka, mtu wa mbele hushika kwanza ukingo wa chini wa spinaka, na asiachie chochote kabla mkono haujakamata kitambaa, kisha kamba ya pembe ya mbele hulegezwa, mwisho henza, kwa kasi ileile ambayo mikono inakusanya. Anayeachia henza kwanza analitupa tanga baharini.

Kulitumia baada ya hapo ni suala la mazoea. Legeza demani hadi ukingo wa mbele uanze kujikunja, vuta kidogo, kisha rudia, muda wote. Demani iliyofungwa kwenye kibano na kusahauliwa ni mwaliko wa kupinduka. Unapokisi, geuza chombo polepole, na mtu wa mbele asiachie demani ya zamani mpaka pembe ya nyuma ifike kwenye waya wa mbele; akiachia mapema, tanga hujizungusha kwenye waya na kufanya fundo lenye umbo la saa ya mchanga, lenye tumbo juu na tumbo chini.

Jambo lililomsumbua mwenzangu zaidi, na ambalo naamini litamsumbua yeyote aliyelelewa na ngalawa, ni upepo wa ghafla. Unapokwenda bisho, yaani kuukabili upepo, upepo ukizidi mkono wenyewe huipeleka omo upande wa joshi (unakotoka upepo) ili tanga lipungue nguvu. Ukiwa na asimetriki, fanya kinyume: legeza demani na upeleke omo chini, uukimbie upepo, kwa maana ukipanda joshini tanga hupata nguvu zaidi na chombo hulala. Kwa hiyo unahitaji bahari tupu upande wa demani. Ukiwa na mwamba au ufukwe upande huo, huna pa kukimbilia, na tanga linapaswa kuwa mfukoni muda mrefu kabla ya hapo. Mwezi wa Juni na Julai, kusi inapokaza kweli na mawimbi yanavunjika vichwa nje ya visiwa, letu halipandi kabisa.

Nailoni huharibiwa na jua kuliko na upepo. Tukirudi tunalisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tunalianika kivulini bila kuliacha lipigwe na upepo, na kulikunja kwa kufuata kingo zake mbili kutoka pembe ya juu hadi chini ili lisijiviringe siku ya kupanda. Ile kamba ya chini ya mlingoti wa maji tunaibadilisha kila mwanzo wa kusi, hata ikionekana nzima, kwa sababu nanga huikwaruza kila tunapoitupa na kipande kipya cha mita moja na nusu hakifikii bei ya bomba.